Wadudu wanaoliwa: jina ambalo mlaji halitumii

Mwambie Mhaya kwamba anakula wadudu, na huenda mkakosana. Yeye anakula senene. Mluhya anakula kumbikumbi, mtu wa Kinshasa anakula mbinzo, yaani viwavi, na hakuna hata mmoja wao atakayerudi kutoka sokoni akisema leo amenunua wadudu. "Wadudu wanaoliwa" ni jina la wataalamu wa lishe na kilimo. Limevikusanya katika kapu moja vyakula ambavyo walaji wenyewe hawajawahi kuviona kuwa ni jamii moja.

Kwetu sisi tatizo linaanzia kwenye neno mdudu, maana limebeba mengi mno. Siafu ni mdudu, buibui ni mdudu, vinavyoleta malaria ni vijidudu, jino likitoboka husemwa limeliwa na mdudu, na kwenye vijiwe vya Arusha au Dar es Salaam ukiagiza mdudu utaletewa nyama ya nguruwe. Sayansi haina upana huo. Kwake mdudu ni kiumbe mwenye miguu sita na mwili wa sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Buibui na nge wana miguu minane, kwa hiyo hawamo, ingawa huko Kambodia buibui wakubwa hukaangwa na kuuzwa barabarani. Kiwavi yumo, kwa kuwa ni mtoto wa kipepeo au nondo. Buu la kwenye mchikichi, ambalo Wakongo huliita mpose, nalo limo: likikua linakuwa mbawakawa.

Ripoti ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2013, ambayo ndiyo iliyolieneza jina hili, ilihesabu aina zaidi ya 1,900 zinazoliwa duniani na kukadiria kwamba wadudu ni sehemu ya mlo wa asili wa watu wapatao bilioni 2. Hiyo ya pili ni makadirio. Hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba.

Mfano ninaoupenda ni senene. Huyu ni jamaa wa panzi, ila papasi zake, zile pembe za kupapasia kichwani, ni ndefu kama nyuzi, na huja wa kijani au wa kahawia. Katika ukanda wa Ziwa Victoria hutokea na mvua, kundi kubwa likiwa la Novemba na Desemba, kisha jingine katika mvua za masika. Waganda wameupa mwezi wa Novemba jina lake kabisa: Museenene. Zamani aliokotwa kwa mkono alfajiri, majani yakiwa na umande naye hana nguvu ya kuruka. Siku hizi uvuvi wake (sijui niuiteje vinginevyo) ni wa umeme. Huwashwa taa kali usiku, mabati yanasimamishwa kuizunguka na chini yake yanawekwa mapipa. Senene anaifuata taa, anagonga bati, anateleza, anaishia pipani. Wengine huchoma majani mabichi ili moshi umlevye. Masaka, Uganda, ndiyo inayosifika zaidi kwa mitego hii.

Kazi iko kwenye kumwandaa. Unanyonyoa mabawa, miguu na papasi, mmoja mmoja, na ndiyo maana aliyekwisha nyonyolewa huuzwa ghali kuliko aliye mzima. Kisha sufuria, bila mafuta. Ana mafuta yake: akikaushwa, karibu nusu ya uzito wake yaweza kuwa mafuta, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni protini. Chumvi, kitunguu ukitaka, basi. Akikaangwa au kufukizwa moshi hadi akauke hukaa muda mrefu, hivyo husafiri na basi hadi Dar es Salaam, na hata kwa ndege. Novemba 2021 ilisambaa video ya abiria akiuza senene ndani ya ndege iliyokuwa ikitoka Entebbe kwenda Dubai, na wateja hawakukosekana.

Si kila mtu wa ukanda huo humla. Buganda ina ukoo wa Nsenene, na kwao huyu ni mwiko. Tena zamani wanawake na watoto ndio waliomkamata, lakini mlaji alikuwa mwanamume. Mke akimpelekea mumewe senene, shukrani yake ilikuwa gomesi mpya, lile gauni la heshima la wanawake wa Uganda. Kwa maoni yangu, huo haukuwa ugawaji wa haki.

Kwingineko kila pahala pana wake. Kusini mwa Afrika wanamla kiwavi wa mti wa mopane: humkamua utumbo, humchemsha kwenye maji ya chumvi na kumwanika. Botswana ilimweka kwenye sarafu yake ya pula 5. Watu wa Oaxaca, Meksiko, hukaanga panzi kwa kitunguu saumu, ndimu na chumvi. Wajapani huwapika panzi wa mashamba ya mpunga kwa sosi ya soya na sukari.

Dini nazo zina neno. Kitabu cha Mambo ya Walawi kinaruhusu nzige, panzi na jamaa zao, na Yohana Mbatizaji alikula nzige na asali ya mwitu. Katika Uislamu nzige ni halali, hata akifa bila kuchinjwa, sawa na samaki. Kuhusu wadudu wengine wanazuoni wametofautiana.

Anayekunja uso ajiulize kuhusu uduvi. Una miguu mingi, papasi na ganda, unaliwa mzima na macho yake, na watu wa pwani tunausifia. Undugu huo hauko machoni tu. Mwenye mzio wa kamba au uduvi anaweza kudhurika na wadudu pia, kwa hiyo asijaribu kwa ushujaa. Wala asile mtu nzige waliopuliziwa dawa, kama wale waliovamia Kenya mwishoni mwa 2019 na mwaka uliofuata.

Sababu ya dunia kuwataja wadudu sana leo ni wingi wa chakula na ardhi ambavyo mifugo huhitaji. Kwa hesabu za FAO, kilo 1 ya wadudu huhitaji kama kilo 2 za malisho, ilhali ng'ombe huhitaji takriban kilo 8 aongezeke kilo 1. Mdudu hatumii chakula kupasha mwili joto. Thailand ilikwisha kuwa na mashamba ya nyenje yapatayo 20,000 wakati Ulaya bado inajadiliana. Umoja wa Ulaya uliidhinisha mdudu wa kwanza mwaka 2021, buu la mbawakawa aitwaye Tenebrio molitor, na nyenje akafuata mwaka 2022. Huko mara nyingi huja akiwa unga, ndani ya mkate au biskuti, bila mguu wala papasi ya kuonekana, na kwenye pakiti jina lake la Kilatini, Acheta domesticus, limechapwa kati ya viungo vingine kwa herufi ndogo.