Hali ya ombi iliyofungwa kwenye uzi: maana yake na mipaka yake

Seva nyingi za wavuti hulikabidhi kila ombi linaloingia kwa uzi mmoja, yaani mfululizo wa utekelezaji unaokwenda sambamba na mingine ndani ya programu ileile. Kwa kuwa nyuzi zote hutumia kumbukumbu moja, taarifa za ombi, kama vile mtumiaji aliyeingia na lugha anayoitaka, haziwezi kuwekwa kwenye kigeu (jina linaloshika thamani) cha programu nzima, kwani ombi la Asha lingefuta la Juma kabla Juma hajajibiwa. Hifadhi ya uzi huondoa mgongano huo: jina la kigeu ni moja, lakini kila uzi huona thamani yake wenyewe. Java huiita ThreadLocal, na Python huitoa kupitia threading.local.

Anayetumia Flask, fremuweki (kiunzi cha kujengea programu za wavuti) ya Python iliyoanzishwa na Armin Ronacher mwaka 2010, hukutana na wazo hili tangu siku ya kwanza. Juu ya faili huandikwa «from flask import request», kisha request.args, yaani vigezo vilivyokuja na anwani ya ombi, husomwa popote, kana kwamba kuna ombi moja tu duniani. Kwa kweli request ni wakala ambaye, kila anapoguswa, hulitafuta ombi linalohudumiwa wakati huo. Asipolipata, kwa mfano ndani ya skripti inayoendeshwa nje ya seva, hutoa kosa la RuntimeError. Django ilichagua kuipitisha request waziwazi kama hoja (thamani inayokabidhiwa msimbo unapoitwa) ya kwanza ya kila viu, yaani kipande cha msimbo kinachojibu ombi, jambo ambalo huongeza uandishi lakini, kwa maoni yangu, humpunguzia msomaji wa msimbo kubahatisha.

Hatari kubwa hutokana na ukweli kwamba uzi huishi muda mrefu kuliko ombi. Seva huziweka nyuzi tayari na kuzitumia tena na tena, kama vyumba vya gesti, na chumba kisipofagiliwa mgeni anayefuata hukuta mizigo ya aliyetangulia. Tuseme msimbo umeandika hali.mtumiaji = 41 kwenye hifadhi ya uzi na kosa likatokea kabla ya kuifuta: ombi linalofuata kwenye uzi huo, hata kama halina mtu aliyeingia, litasomeka kuwa ni la mtumiaji 41. Ndiyo maana usafishaji huwekwa ndani ya finally, sehemu ya msimbo ambayo hutekelezwa hata kosa likitokea.

Katika msimbo wa async hata usafishaji hautoshi, kwa sababu uzi mmoja huhudumia maombi mengi kwa zamu, ukiliacha moja kwenye await, yaani pale linaposubiri jambo fulani, na kushika jingine. Python 3.7, ya mwaka 2018, ilileta contextvars, ambayo hufunga thamani kwenye muktadha wa kila kazi badala ya uzi, na Werkzeug, maktaba iliyo chini ya Flask, ilihamia huko katika toleo la 2.0. Hata hivyo, uzi mpya unaofunguliwa katikati ya ombi, tuseme wa kutuma barua pepe, kwa kawaida hautaiona request, hivyo ni salama zaidi kuupa anwani na jina la mpokeaji kama hoja za kawaida.