Kuchomoa kolamu ya usukani kwenye gari la zamani: tunayoambizana na ukweli wake

Uongo namba moja, na ndo unaoua kolamu (lile bomba lenye shafti ya usukani ndani) za watu: "usukani ukigoma kutoka, gonga shafti na nyundo." Utatoka kweli, sikatai, ila cheki kwanza una kolamu ya aina gani. GM (General Motors, ya Marekani) walianza kwenye modeli za 1967 kuweka kolamu inayojikunja gari likigonga, ili shafti isimchome dereva kifuani, na kuanzia Januari 1968 sheria ya Marekani ikalazimisha kitu hicho kwa magari madogo mapya. Ndani shafti ni vipande viwili vimeingiana, vimeshikwa na pini za plastiki ambazo kazi yake ni kukatika zikipata kishindo, sasa ukishindilia nyundo plastiki itajuaje kama hiyo sio ajali? Pini zikishakatika kolamu inalegea na inakuwa fupi na ile kinga ndo imeenda. Tafuta pula ya usukani (kifaa cha kuuvuta utoke), bolti zake zinaingia kwenye yale matundu mawili ya katikati, na ile nati kubwa usiitoe yote, iache ishike nyuzi mbili tatu maana usukani huwa unaachia ghafla na uso wako uko hapo hapo. Kolamu ikishatoka usiidondoshe kwa ncha wala usiiegemee.

Halafu kuna wanaosema magari ya zamani ni mepesi, unafungua bolti moja kolamu inaachana na stelingi boksi, lile boksi la gia kule chini linalogeuza tairi. Inategemea bwana. Ford Mustang ya 1965 na 1966 shafti yake imetoka moja kwa moja ndani ya stelingi boksi, ndefu mpaka kwenye usukani, hakuna jointi (kiungo cha shafti na boksi) hapo hata ukitafuta na tochi usiku kucha. Hiyo unatoa usukani, unalegeza vishikizo, unalivuta ganda la nje kuja ndani ya gari na shafti inabaki imesimama palepale.

Kwa zile zenye jointi kweli, eti kulegeza bolti ya kubana inatosha. Haitoshi, kwa nyingi ile bolti inapita kwenye mfereji uliochongwa kwenye shafti, kwahiyo isipotoka yote hata uvute na kreni hakuna kitu. Meno ya shafti yanayoingia kwenye jointi yakiwa na kutu pulizia mafuta ya kulegeza, yaache yalale nayo, kesho tanua ule mpasuko kidogo na bisibisi bapa. Raba ya jointi ikiwa na nyufa badilisha hapo hapo. Na bolti usiokote yoyote kwenye kopo, ile ya asili ni ngumu maalum.

"Usukani ukirudi umepinda, si unauchomoa tu unauzungusha jino moja?" Hapana. Stelingi boksi ina katikati yake, na kidude cha kuzima indiketa kinafuata usukani, ukidanganya juu indiketa zinazima upande mmoja zinagoma mwingine. Nyoosha tairi za mbele kabla ya kugusa chochote, piga alama ya rangi kwenye shafti na jointi, basi.

Bolti zisizo na kichwa kwenye loki ya usukani hazijavunjika, zilitengenezwa hivyo kumsumbua mwizi, unazitoboa na drili na unafunga mpya. Na kutokuwa na airbag sio sababu ya kuacha betri imeungwa, waya wa swichi ya kuwashia una umeme muda wote.

Ila kinachonichekesha ni mtu kushusha kolamu nzima kisa swichi ya indiketa. Kwenye GM nyingi za baada ya 1969 swichi inatokea juu: toa usukani, kandamiza lile bamba la loki na kifaa chake, toa ringi, fungua skrubu. Kabla hujavuta waya za zamani funga kamba kwenye soketi yake ya chini, ndo itakuvutia ile mpya kushuka ndani ya kolamu.