Hesabu ya siku za hatari, kabla hujaja kulalamika

Kila inapokaribia tarehe 26 Septemba, Siku ya Uzazi wa Mpango Duniani, foleni ya kliniki huongezeka, na foleni huja na malalamiko yake. Safari hii linalorudiwa ni moja: "Nesi, nilifuata kalenda na mimba imeingia." Tunayaandika yote kwenye daftari la maoni kama utaratibu unavyotaka. Ila nikiomba nioneshwe hiyo kalenda, mara nyingi haipo.

Mama mmoja alikuja nayo kweli. Kalenda ya ukutani, ya duka la pembejeo, kaikunja mara nne na kuifunga kwenye pindo la kanga. Tarehe 14 ya kila mwezi imezungushiwa kalamu ya bluu, Januari hadi Agosti, hakuna mwezi uliorukwa. Tarehe hiyo alikuwa anamkwepa mumewe; siku nyingine zote aliziona salama. Sikumcheka. Wapo wasomi wanaokosea palepale, wao wanahesabu siku ya 14 lakini wanaanzia damu ilipokatika.

Siku ya kwanza ya mzunguko ni ile damu inapoanza kutoka. Na yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, sio siku 14 baada ya iliyopita. Hapo ndipo ugumu ulipo, maana unahesabu kurudi nyuma kutoka kwenye hedhi ambayo bado haijafika. Mwenye mzunguko wa siku 24 yai lake hutoka karibu na siku ya 10. Wa siku 35, karibu na ya 21. Yai lenyewe haliishi zaidi ya saa 24, lakini mbegu za kiume zinaweza kulisubiri ndani hadi siku 5. Basi mtu akikutana na mumewe siku ya 6, damu ndiyo kwanza imekauka, anaweza kushika mimba.

Kalenda tunayoifundisha sisi ni hii. Andika urefu wa mizunguko 6 mfululizo. Ule mfupi kuliko yote toa 18, ule mrefu kuliko yote toa 11. Tuseme mfupi ni siku 25 na mrefu ni 33: utapata 7 na 22. Kuanzia siku ya 7 mpaka ya 22 mwache mumeo alale zake, au mtumie kondomu. Ni siku 16. Ukiona nyingi, njia hii haikufai, na hakuna atakayekulaumu kliniki ukisema hivyo.

Zipo pia shanga 32 za mzunguko, ambapo siku ya 8 hadi ya 19 ndizo za hatari. Hizo ni za mwenye mzunguko wa siku 26 hadi 32 tu. Ukitoka nje ya hapo mara mbili ndani ya mwaka, zirudishe tukushauri njia nyingine.

Kuhusu uhakika: wanawake 100 wasiotumia chochote kwa mwaka mzima, karibu 85 hupata mimba. Kwa njia ya siku maalumu, yaani hizo shanga, kama watu wanavyoitumia majumbani, ni karibu 12. Kumwaga nje, karibu 20. Kipandikizi, hafiki hata mmoja. Kitengo chetu hakimlazimishi mtu njia yoyote, na takwimu hizi hazitolewi kwa lengo hilo.

Kuruka kichura baada ya tendo, kunywa majivu, chai ya rangi kali, kukojoa haraka, pigi kiunoni: hizo siziwekei takwimu. Nimezijibu tangu naanza kazi na bado naulizwa.

Wanaonyonyesha wasikilize zaidi. Kunyonyesha kunakinga vizuri sana, lakini masharti ni matatu na yote yawepo kwa pamoja: hedhi haijarudi, mtoto hajatimiza miezi 6, na ananyonya tu, usiku na mchana, bila uji wala maji. Sharti moja likivunjika kinga imeisha. Usisubiri "nione kwanza siku zangu", kwa sababu yai linaweza kutangulia na ukapitiliza kutoka mimba moja hadi nyingine bila kuona damu. Kalenda nayo usiianze mpaka umepata hedhi angalau tatu na mzunguko umetulia. P2, vidonge vya kuzuia mimba baada ya tendo, pia huvuruga hesabu; ni ya dharura, haraka iwezekanavyo ndani ya saa 72, sio ya kila Jumamosi.

Mimba isiyotarajiwa ikishaingia wengine hukimbilia vichochoroni, hivyo sheria ijulikane. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 150: anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, kifungo hadi miaka 14. Kifungu cha 151: mwanamke mwenyewe, hadi miaka 7. Kifungu cha 152: anayempatia dawa au kifaa akijua kitatumika kwa kazi hiyo, hadi miaka 3, hata kama hakugusa mgonjwa. Pamoja na hayo, anayetokwa damu aje kituoni saa hiyohiyo. Huduma baada ya mimba kuharibika ipo, na kwetu anayeingia anavuja damu hutibiwa kwanza.

Ukija mara ya kwanza utafunguliwa kadi, utaandikwa kwenye rejista, utapimwa uzito na presha, utaulizwa tarehe ya hedhi ya mwisho. Tarehe, sio "mwanzoni mwa mwezi". Huduma katika vituo vya umma ni bure na hatudai barua ya mume, ingawa kwa kalenda akija naye ni afadhali, kwa kuwa hizo siku 16 ni zake pia. Kama huna kumbukumbu ya miezi 6, anza kuandika na hedhi ijayo, na kwa miezi hiyo 6 utapewa kondomu dirishani.