Kutunza maharusi ni upagani?

Huku kwetu Kigoma, kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, wengi tumekua tukiambiwa Mkristo akimtunza bibi harusi noti ukumbini basi kaingia kwenye mambo ya mizimu. Nawaelewa wanaoamini hivyo, maana zipo mila zenye matambiko kweli, ila kutunza kwenyewe ni kumpongeza mtu tu na kumuongezea mtaji, na ukifungua Biblia yako Ayubu 42:11 utakuta ndugu na jamaa wamemjia Ayubu wakala naye, kila mtu akampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Kinachokemewa ni kujionyesha, soma Mathayo 6 mwanzoni (wale wa kurusha noti kamera ikiwaka tu, hapo sijui niseme nini). Ukiwa na wasiwasi waulize wazee wa ukoo hela inaenda wapi na inanenewa nini.