Shilingi arobaini ya Kibaki, na ile ya mama yangu

Kila ikikaribia Jamhuri Dei hapa Kenya, mimi huletewa swali lilelile: "Nina ile sarafu ya forti bob, yaani shilingi arobaini, nitauza bei gani?" Jibu la bei ni fupi. Si sarafu adimu. Ilitolewa Desemba 2003 itumike madukani kama pesa nyingine, na walioiweka kabatini ni wengi. Lakini ukiniuliza ina maana gani, hapo tutafute pa kukaa.

Ishike kwa ukingo, usiguse uso wake. Utaona madini mawili, la kati rangi yake na pete ya nje rangi yake. Upande mmoja ni nembo ya taifa, simba wawili na ngao. Geuza, unatazamana na Mwai Kibaki, rais wa wakati huo. Thamani yake ndiyo iliyowashangaza watu: tulizoea shilingi moja, tano, kumi na ishirini. Arobaini ilikuja kwa sababu uhuru wa 12 Desemba 1963 ulikuwa umetimiza miaka arobaini. Umri wa nchi ukageuzwa kuwa chenji.

Hilo nalipenda sana. Mwaka 1966, Mzee Kenyatta alipoadhimishiwa miaka 75, zilitengenezwa sarafu za dhahabu za shilingi 100, 250 na 500. Nzuri mno, ila muuza samaki hakuwahi kuzitia mkononi. Forti bob ilipanda matatu, ikanunua sukuma wiki, ikaanguka mtaroni ikaokotwa.

Sasa ile sura. Sarafu za kwanza za Kenya huru, za mwaka huohuo wa 1966, zilikuwa na kichwa cha Kenyatta. (Za 1966 hadi 1968 hazina maandishi kuzunguka kichwa, yaliongezwa 1969. Nikimwagiwa mfuko wa sarafu kuukuu mezani, hicho ndicho kitu cha kwanza ninachotazama.) Mwaka 1980 zikaja za Moi. Ukizaliwa katika miaka hiyo, pesa na uso wa rais aliye madarakani vilikuwa kitu kimoja. Hukuwahi kuwaza vingeweza kutenganishwa.

Kibaki aliapishwa Uhuru Park tarehe 30 Desemba 2002, yuko kwenye kiti cha magurudumu, mguu umefungwa plasta kwa ajali ya gari. Watu walikuwa na matumaini ambayo sijayaona tena. Mwanzoni mwa utawala wake alisema sura yake haitawekwa kwenye pesa, nasi tulilipokea neno hilo kwa furaha. Kabla mwaka haujaisha, sarafu ya arobaini ikatoka na sura yake. Wako waliolalamika, nami nasimama nao mpaka leo. Miaka ile arobaini ilikuwa ya nchi nzima, na ngao na simba wangetosha.

Mwaka 2005 sarafu zikarudi kwa Kenyatta. Katiba ya 2010 ikafunga mlango: Ibara ya 231 inasema noti na sarafu zisibebe picha ya mtu yeyote. Ndiyo maana zile za Desemba 2018 zina twiga, kifaru, simba na tembo. Kwa hiyo unapoishika forti bob, umemshika rais wa mwisho kuonekana kwenye pesa ya Kenya akiwa bado Ikulu.

Ninazo kadhaa zinazong'aa kama zimetoka benki leo. Ninayoithamini kuliko zote imechakaa. Mama yangu alikuwa akiuza mahamri soko la Kongowea, Mombasa. Asubuhi moja mteja alichukua mahamri manane ya shilingi tano tano, akampa sarafu moja. Mama aliigeuza mara mbili, akadhani ni pesa ya nchi nyingine. Jirani yake wa mbaazi akamsomea. Mama akaifunga kwenye pindo la leso, akaitia kibindoni, na hakuitumia tena.

Nilikuja kuiona 2019, wakati watu walipopanga foleni benki kurudisha noti za elfu moja za zamani kabla ya 30 Septemba. Akanipigia simu: "Mwanangu, na hii yangu wataifuta?" Nikamwambia ni zile noti tu, sarafu hazikuguswa. Hakuridhika mpaka nilipokwenda nyumbani nikaitazama mwenyewe. Paji la uso la Kibaki lilikuwa limelika, na kwenye pete kulikuwa na mkwaruzo mrefu wa ufunguo.

Wakati huo alishaandaa ndimu na majivu, aisugue ing'ae kabla sijafika, kama anavyosugua sinia za shaba. Nilimzuia. Zamani niliwahi kuitia ndimu shilingi yangu ya 1966. Ikatoka nyeupe, bapa, ule mng'ao wa asili umeondoka na haurudi. Tafadhali, msisafishe sarafu zenu. Ziacheni zilivyo, basi.

Alinipa niihifadhi. Nimeiweka kwenye kifuko chake peke yake, mbali na zile zinazong'aa, pamoja na karatasi ndogo niliyoiandika yeye akinitajia: "Kongowea. Mahamri manane. Alikuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni."