"Fukuza mbuzi, majani yatastawi": nani kawadanganya?

Wiki hii amekuja wa tatu. Kanunua ekari mbili Kisarawe, kazungushia seng'enge, kawafukuza mbuzi wa jirani, sasa ananiuliza: "Mtaalamu, mbona nyasi zimekuwa ngumu na vichaka vinazidi?" Vinazidi kwa sababu umewafukuza waliokuwa wakivila, mzee wangu.

Hii imani kwamba mmea hustawi ukiachwa peke yake imenichosha. Nyasi huchipulia chini, karibu na udongo; zikiliwa juu, zinaendelea. Zisipoliwa hukomaa, hujitilia kivuli zenyewe, hukauka, na kiangazi moto unapita. Tazama Serengeti. Sotoka, tauni ya ng'ombe, iliyoingia mwishoni mwa karne ya 19 iliua ng'ombe na nyumbu kwa pamoja. Ng'ombe wa vijiji vya pembezoni mwa hifadhi walipochanjwa, nyumbu nao wakapona: kutoka kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Midomo yote hiyo ikafyeka nyasi, moto ukakosa cha kuunguza, miche ya migunga, miti ile ya miiba, ikapata nafasi ya kuwa miti. Sindano ya ng'ombe ikaotesha miti!

Kuna kisa cha Laikipia, Kenya, nikipendacho zaidi. Mwaka 1995 watafiti walizungushia migunga uzio, tembo na twiga wasiifikie. Ungedhani itanenepa. Baada ya miaka 10 hivi ilikuwa imepunguza utomvu mtamu na miiba yenye uvimbe ambamo hulala sisimizi walinzi, wale wanaomng'ata anayekuja kula majani. Walinzi wakapungua, wakahamia sisimizi wa aina nyingine wanaoishi kwenye matundu ya wadudu watoboa miti, na migunga hiyo ikadumaa na kufa zaidi kuliko ile inayoliwa kila siku. Hata wewe, mlinzi usipomlipa, usiku hutamwona getini.

Wapo wanaoruka upande wa pili: basi mbuzi hana ubaya popote. Anao, hasa akipelekwa kwenye mimea isiyowahi kumwona. Visiwa vya Galápagos, kule Ekuador, vilizoea kobe. Mbuzi walioletwa na watu walikwangua mpaka kobe wakakosa chakula, na kwenye kisiwa cha Isabela ikabidi mbuzi wapigwe risasi kutoka kwenye helikopta. Australia nako, sungura 24 walioachiwa mwaka 1859 bado wanawagharimu.

"Tembo wanamaliza miti"? Wanaipunguza, nyasi zinapata jua, pundamilia wanafurahi. Tuendelee.

Wewe wa Kisarawe, warudishe mbuzi wachache, maana wao hupenda majani ya vichaka kuliko nyasi. Wakishusha nyasi kufikia kifundo cha mguu, watoe, shamba lipumzike. Pembeni acha kipande cha hatua tano kwa tano ndani ya uzio, asiguse mnyama, ulinganishe masika mpaka masika. Piga picha ukisimama palepale kila mara, na tafadhali usinitumie video ya siku ya tatu.