Gari Linalojiendesha Kwenye Foleni: Kitufe Kilichoguswa Bila Dereva Kujua

“Fundi, nimeondoa mguu kwenye mafuta, gari lenyewe linakwenda.”

Mzee mmoja aliniletea shida hiyo gereji kwangu hapa Dodoma. Fundi wa kwanza alishamsafishia njia ya hewa ya injini, wa pili akataka abadilishe pedali ya mafuta. Nilichomeka mashine ya kusomea hitilafu, sikukuta kosa hata moja. Nikamwomba tupande wote, yeye aendeshe, mimi niangalie mikono yake.

Tulikuwa Area D, nyuma ya daladala. Alipozungusha usukani kukwepa shimo, kidole gumba kikagusa kitufe chenye maandishi RES. Kwenye dashibodi ikawaka alama ndogo ya kijani, picha ya gari na vistari chini yake. Yeye macho yalikuwa kwenye shimo. Tukaendelea kuifuata daladala kwa kilomita 15 kwa saa, taratibu, ungedhani gari linatambaa lenyewe kama otomatiki zote zinavyotambaa. Daladala ikaingia kituoni. Barabara ikabaki wazi, na injini ikavuta.

“Breki, mzee!”

Akakanyaga, gari likatulia, alama ya kijani ikazimika. Hapo ndipo nilipojua ugonjwa.

Hii ni kruzi kontrolo, mfumo unaoshika mwendo bila mguu wako kwenye mafuta, ila ya aina inayofuata gari la mbele. Rada iliyo nyuma ya grili, mara nyingi pamoja na kamera ya kwenye kioo cha mbele, hupima umbali na kasi ya aliye mbele yako, kisha gari linaongeza au kupunguza mwendo lenyewe. Kitufe cha SET hushika kasi ya wakati huo. RES hurudisha kasi uliyoiweka mwanzo. Mzee alikuwa ametoka Gairo akiwa ameweka 80. Alipofika mjini akakanyaga breki, mfumo ukaachia, lakini swichi kuu ya kruzi ilibaki imewashwa na ile 80 ikabaki kwenye kumbukumbu. Kidole kilipogusa RES, gari lilipokea amri ya kwenda 80. Kilicholizuia ni daladala peke yake.

Hata ukigusa SET badala ya RES hujapona. Magari mengi ya Kijapani, ukiweka kruzi chini ya kilomita 30 ukiwa nyuma ya gari jingine, yanaandika 30 kama kasi uliyochagua. Ulikuwa unatembea 10, gari la mbele likikata kona, lako litaitafuta 30. Kwenye njia ya sokoni Majengo, penye mikokoteni na watoto, 30 ni mwendo mkubwa sana.

Madereva wazoefu ndio wanaonishangaa zaidi, kwa sababu kruzi walizozizoea zilikataa kabisa mwendo mdogo. Mercedes-Benz ilipotoa Distronic, kruzi yake ya kufuata gari la mbele, kwenye S-Class mwaka 1999, ilifanya kazi kuanzia kama kilomita 40 kwa saa. Mwaka 2005 Distronic Plus ikaweza kufuata gari hadi kusimama. Nissan ilipoingiza ProPILOT, mfumo wake wa aina hiyo, kwenye Serena mwaka 2016, foleni ilikuwa sehemu ya kazi yake toka siku ya kwanza. Magari ya aina hii sasa tunayanunua yakiwa yametumika, yanashuka bandarini Dar es Salaam, yanafika huku na maandishi ya Kijapani kwenye dashibodi na bila kitabu cha maelekezo. Mtu anaendesha miaka miwili hajui kile kitufe ni cha nini.

Na rada usiitwishe kazi isiyo yake. Mifumo mingi hupuuza vitu vilivyosimama, maana bila hivyo ingefunga breki kwa kila nguzo na kila kibao. Kwa hiyo lori lililoharibika pembeni ya barabara ya Singida, au ng’ombe aliyesimama katikati ya lami kule Bahi, huenda gari lako lisivione kwa wakati. Matuta nayo halijui. Tope likiganda mbele ya rada, mfumo wenyewe huacha kufanya kazi.

Likikuvuta ghafla, kanyaga breki. Usianze kutafuta kitufe. Breki hukata kruzi mara moja. Baada ya hapo zima swichi kuu, ile yenye picha ya saa ya mwendo na mshale, mpaka alama yake ipotee yote kwenye dashibodi. Kukata kwa breki pekee kunakuacha ulipokuwa, kidole kimoja mbali na ile 80. Mimi nikifika vibao vya 50 vya kuingia mjini, nazima swichi hiyo kabla sijafikiria kitu kingine.

Mzee nilimkalisha kwenye gari likiwa limesimama uani, nikamwambia awashe na kuzima swichi kuu huku akitazama dashibodi, mara kumi. Mara ya tano aliacha kuniuliza. Kisha akampigia kijana wake, ambaye hulichukua gari hilo jioni, akamwambia asiliguse mpaka naye apite kwangu. Alikuja kesho yake asubuhi, na swali lake la kwanza lilikuwa kwa nini gari la baba huwa linamvuta akifika kwenye foleni ya Nane Nane.